Chiriku Yuko kwa Bi Tahadhari

Jumatatu, 3 Machi

Cherehani leo imelia peke yake. Hakuna wa kunivuta gauni. Hakuna wa kuniuliza "Bibi, hii nini? Na hii?" mpaka kichwa kiniwange. Nimeshona kola kinyume, nikaifumua, nikaishona tena kinyume. Mwenye sare yake atasubiri.

Mkaza mwanangu amemhamishia Chiriku kwa mama yake. "Kwa muda tu, Mama, mkono upone." Muda tu! Mbona nguo zote zimekwenda, hata sweta la baridi, na baridi yenyewe bado iko mbali?

Chiriku hana hata miaka mitatu. Jina hilo nilimpa mimi, kwa jinsi anavyoropoka kutwa. Tangu mama yake arudi kazini amekuwa akishinda na mimi, hapa chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Na ni kweli aliungua kwangu, sikatai. Pasi ilikuwa juu ya stuli, waya unaning'inia. Niligeuka kuchukua uzi. Akauvuta. Namshukuru Mungu ilikuwa imeanza kupoa, ikamgusa kiganja tu. Nilimweka chini ya maji ya bomba muda mrefu mpaka akanyamaza, sikumpaka dawa ya meno wala mafuta, na daktari mwenyewe akasema nilifanya vizuri.

Hilo hakuna anayelikumbuka. Wanakumbuka pasi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kumwona. Mtu na mjukuu wake, nabisha hodi kama mdai!

Huyu mkwe wangu, mama yake mkaza mwanangu, alihudhuria semina ya kliniki kuhusu ajali za watoto nyumbani. Akarudi na misumari, makomeo na maneno. Tangu siku hiyo mimi namwita Bi Tahadhari. Moyoni tu. Mdomoni namwita mkwe, kwa adabu zote.

Nyumba yake imekuwa kizimba cha kuku. Kigeti chini ya ngazi. Komeo kila kabati. Soketi zimezibwa. Ndoo zote zimepinduliwa, kwa sababu, eti, mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kufulia, hata yakiwa haba. Jikoni vishikio vya sufuria vyote vimegeuzwa ukutani. Hata chai yangu aliiweka katikati ya meza, mbali, nikawa naifuata kwa mkono kama mtoto mimi!

"Chai ya moto na mtoto, mkwe," akasema, huku anatabasamu. "Kinga ni bora kuliko tiba." Nikiusikia msemo huo tena nitapiga kelele.

Chiriku alikuja mbio. Furaha yangu! Lakini hakunirukia mimi, alirukia mkoba. Tuna mchezo wetu sisi wawili. Mimi huwa na vikebe vya vifungo, anavitikisa, anasikiliza, anabahatisha vya rangi gani. Vikilia kwa sauti nyembamba anasema vyeupe. Hakosei sana, au labda mimi humwambia kila mara kwamba amepata. Basi akachomoa kikebe, akakitikisa, akacheka. Bi Tahadhari akakichukua polepole mkononi mwake. "Kifungo humkaba mtoto, mkwe." Na peremende vilevile. Humkaba. Kwake kila kitu kinakaba! Kinachonikaba mimi hapa kooni hakioni.

Halafu nikasikia. Chiriku anamwita yeye Bibi. Bibi, basi, kama vile duniani kuna mmoja. Mimi naitwa Bibi Mkoba.

Nimerudi kwa miguu ili hasira ishuke. Haikushuka.

Jumamosi, 8 Machi

Yeye amebandika sponji kwenye kona za meza. Imekatwa vibaya, gundi imevuja, aibu tupu. Sasa ngoja. Leo nimeshona vijimto vya kona, vya kitambaa cha maua, pamba ndani, kamba za kufungia chini. Kazi ya fundi, si ya gundi. Nimezivisha kona zote za nyumba yangu, hata ya kabati ambalo Chiriku halifikii. Waone!

Jumatano, 12 Machi

Ameanguka! Huko huko kwa Bi Tahadhari, mwenye kigeti na komeo! Alikuwa anakimbia na soksi sakafuni, akateleza, paji la uso likavimba kama yai. Mwanangu alinipigia simu mchana.

Nilifurahi. Nimeandika, na sitafuta. Kwanza nilifurahi, ndipo nikauliza kama anaumwa sana. Mungu anisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikampigia mama mtu kumpa pole. Akanijibu kwa utulivu wake wote: "Aa, Mama, watoto huanguka."

Akiungua kwangu ni uzembe. Akianguka kwake, watoto huanguka. Mkuki kwa nguruwe!

Ijumaa, 14 Machi

Nimeamua. Sitanuna tena, nitashindana.

Pasi imehamia chumba cha nyuma na mlango una ufunguo. Waya naufunga mara tu nikimaliza. Mikasi juu, kwenye msumari. Pini zote nimezikusanya kwa sumaku, nikatambaa chini ya meza kwa magoti haya haya ya baridi yabisi, na sumaku ikatoka na miiba kama nungunungu. Nikashtuka kidogo. Kumbe mtoto alikuwa anakaa juu ya hizo siku zote!

Vifungo vimepanda kwenye rafu ya juu kabisa. Vyote. Imeniuma, lakini nimevipandisha. Ndoo nimepindua. Mafuta ya taa niliyokuwa nimeyatia kwenye chupa ya soda nimeyamwaga, na chupa nimeitupa. Hapo sikuhitaji semina, mtoto wa jirani wa zamani alikunywa hivyo hivyo.

Kikebe kimoja tu kimebaki chini, nacho hakina vifungo. Ni kile ninachotilia vidonge vyangu vya presha. Yale makaratasi ya dawa ya kubonyeza, vidole vyangu haviyawezi tena, kwa hiyo nikivipata tu navibonyeza vyote siku moja kwa ncha ya mkasi, navitia kikebeni, basi. Kinakaa mkobani, na mkoba ninao mimi mwenyewe.

Nyumba imekuwa safi mpaka inanitisha. Sasa waje waikague.

Jumapili, 16 Machi

Mwanangu amekuja peke yake. Nilimzungusha kama mwenye nyumba anayetafuta mpangaji. Akashika vijimto vya kona, akacheka, akasema, "Mama, hii umewapita hata wao." Wao! Nilitaka kumbusu.

Nikamwuliza lini. Akakuna kisogo. Atazungumza na mkewe. Mkewe bado ana wasiwasi. Na mtoto amezoea kule. "Usianze, Mama." Sikuwa nimeanza! Nilikuwa nimevuta pumzi tu.

Kisha akafanya kosa la kunionyesha picha kwenye simu. Chiriku amelala mgongoni kwa Bi Tahadhari, shavu limebonyea, mdomo wazi, mate yamemlowesha yule mama begani. Hivyo ndivyo alivyokuwa akilala kwangu. Nilisema, "Amenenepa," nikaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Roho inauma jamani. Nimezeeka na wivu wa msichana aliyeporwa mchumba.

Jumanne, 18 Machi

Hospitali. Benchi la wodi ya watoto. Naandika ili muda uende.

Chiriku yuko ndani. Ana dripu. Wamesema anapumua vizuri. Wamesema presha yake imeshuka na wanaipandisha. Wamesema tungoje.

Niandike kwa mpangilio. Asubuhi nilikwenda kwa Bi Tahadhari, nikijifanya nampelekea kijimto kimoja kama zawadi. Uongo. Nilikwenda kukagua. Nilitaka kukuta kitu kimoja tu, sumu ya panya, kiberiti, kisu, chochote cha kumwambia mwanangu. Nyani haoni kundule, nilisema njiani, nikacheka peke yangu!

Nilikaa. Mkoba niliuweka sakafuni karibu na mguu wangu. Wingu likaja, Bi Tahadhari akainuka kuanua nguo uani. "Mkwe, niangalizie mtoto kidogo."

Kidogo! Hiyo ndiyo nafasi niliyoitaka. Chiriku alikuwa anamlaza mwanasesere. Nikaingia jikoni kama naenda kunywa maji. Nikafungua komeo moja, la pili. Nikainama mpaka chini ya sinki. Sabuni iko juu. Dawa ya kuulia wadudu haipo. Vidonge vyake yeye, maana naye ana presha, ndicho kitu pekee tunachofanana, viko kwenye boksi lenye kufuli juu ya kabati. Hakuna kitu. Nilikuwa nimesimama pale nimekasirika kwamba hakuna kitu!

Nikasikia kikebe kinatikiswa sebuleni.

Nilijua. Kabla sijageuka nilijua.

Alikuwa amekaa nyuma ya kochi, kikebe wazi, vidonge vimetapakaa kwenye gauni lake. Anatafuna, amekunja uso kwa uchungu. Akaniambia, "Vyeupe, Bibi Mkoba." Alitaka nimwambie amepata.

Nilisimama kama mti. Bi Tahadhari ndiye aliyeingia, akatupa nguo zote chini, akamfuta mdomo, akamtemesha vilivyobaki. Hakumtapisha, alisema tusimtapishe. Akaokota vidonge, akavirudisha kikebeni, akaniuliza, "Vilikuwa vingapi?" Sikujua. Tangu lini mtu anahesabu vidonge vya kikebeni? Akaita jirani mwenye gari. Njiani Chiriku alianza kusinzia, na yeye hakuacha kumsemesha, "Chiriku, niimbie, Chiriku, nani huyu?" Mimi nilishika mguu. Mguu mmoja tu ndio ulionifikia.

Daktari aliuliza dawa gani. Hapo nilisema. Jina lake, nguvu yake, kila kitu, bila kukosea. Hilo nalo liandikwe.

Wazazi wamefika. Nasikia viatu vya mwanangu.

Jumatano, 19 Machi

Ameamka! Ameomba maji, ameomba mkate, ameuliza ule waya mkononi ni wa nini na huu ni wa nini na ule je. Nesi amesema huyu mtoto hanyamazi. Nililia kwenye pembe ya shuka.

Sasa la jana. Siwezi kulikwepa, maana limelala na mimi kitandani.

Mkaza mwanangu alipoingia aliona kikebe mkononi mwa daktari. Akasikia "vidonge vya presha, alikuwa nyumbani kwa bibi yake." Akamgeukia mama yake mzazi. "Mama! Wewe? Na semina zako zote? Na makufuli yako?" Alipiga kelele mpaka wagonjwa wengine wakatoa vichwa. Mwanangu akamshika mabega.

Na Bi Tahadhari hakusema ni vya nani. Alisimama na ule mtandio wake umeloa mate ya mtoto, akasema tu, "Alikuwa nyumbani kwangu. Nilitoka kuanua nguo."

Nikangoja aendelee. Hakuendelea.

Na mimi nilifungua mdomo. Nakumbuka niliufungua. Mwanangu akanishika mkono, akasema, "Kaa, Mama, wewe una presha." Nikakaa.

Leo mkaza mwanangu ameketi karibu nami kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza tangu ile pasi ameniwekea kichwa begani. Akasema, "Mama, ulikuwa sahihi. Yale makomeo yalikuwa maonyesho tu. Chiriku akitoka atarudi kwako."

Atarudi kwako! Maneno niliyoyaota wiki zote hizi. Yalinishuka tumboni kama jiwe, na bado, naandika ukweli, chini ya jiwe palikuwa na furaha. Nikatazama upande wa pili wa ukumbi. Bi Tahadhari alikuwa amekaa peke yake, binti yake hajamsemesha tangu jana. Alikuwa anasikia.

Alhamisi, 20 Machi

Nilimkuta bombani, anaosha kikombe cha Chiriku. Hapakuwa na mtu.

Nikamwuliza kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea: "Kwa nini hukusema?"

Akakisuuza kikombe taratibu. Akasema alikuwa ameuona mkoba. Tangu nilipouweka chini. Semina iliwafundisha hivyo hivyo, mkoba wa mgeni uwekwe juu, kwa sababu wageni hubeba dawa. "Niliuona, mkwe. Nikataka kuuinua. Nikaona haya."

"Haya ya nini?"

"Yako. Kila nikisema neno unakunja uso. Chai unakunja uso, kifungo unakunja uso. Nikasema moyoni, leo amekuja na zawadi, wacha leo nisimuudhi. Basi nikanyamaza, nikatoka nje." Akafunga bomba. "Kwa hiyo ningesema nini kwa mwanangu? Kwamba niliona, nikamwacha?"

Nikakipokea kikombe nikamshikia, kama mtumishi. Mimi!

Kisha akaniambia kwamba yeye hatanisemea. Hatasema ni vyangu, wala hatasema si vyangu akiulizwa usoni. Ila nisimchukue mtoto kabla mama yake hajajua. "Mwambie mwenyewe, mkwe. Ukishamwambia, akikupa mtoto, mimi nitakuja kwako kumwona, na nitabisha hodi."

Nimekasirika kutwa nzima. Kwanza nilikasirika kwamba ni kweli, nakunja uso, nimejitazama kwenye kioo cha choo cha hospitali nikauona mkunjo wenyewe. Halafu nikakasirika zaidi. Hata kosa anataka kulishika upande mkubwa! Nyumba nzuri yake, semina yake, mgongo wa kulalia wake, na sasa hata lawama yangu imemkaa vizuri kuliko mimi. Amekaa nayo kimya, mgongo wima. Ningekuwa mimi ningekuwa nimeshalia mpaka mlinzi wa geti ajue.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Sawa. Lakini huyu ameuchomoa kwangu akajichoma nao yeye, nami namwonea wivu hata huo mwiba. Kuna dawa ya ugonjwa huu?

Vidonge vyangu sasa viko kwenye karatasi zake. Nimemwomba mfamasia anibonyezee kimoja kila nikipita. Akacheka, lakini amekubali.

Jumapili, 23 Machi

Wamemruhusu. Wanamleta leo.

Nilisema nitamwambia mkaza mwanangu Ijumaa. Ijumaa alikuwa amechoka. Nikasema basi nitamwambia jana kwa simu. Simu si kitu cha kuambiana mambo kama hayo. Leo ni leo.

Nimefagia. Nimeangalia chini ya meza kwa sumaku tena, safi. Mkoba uko juu ya kabati, mtupu, na nimepandia kiti kuuweka huko, nikadhani nitavunjika kiuno. Nimepika supu, nimeipoza. Nimefanya mazoezi ya kusema. "Mwanangu, keti. Vile vidonge havikuwa vya mama yako." Nimeyasema mbele ya cherehani. Yanatoka. Si marefu.

Najua kitakachofuata. Atanyanyuka na mtoto. Labda hatapiga kelele, labda atanitazama tu, na hilo ni baya zaidi. Kisha atampigia mama yake simu na kulia, na mama yake atasema, "Basi, basi," kwa ile sauti. Na Chiriku atarudi kwenye ule mgongo.

Na nisiposema? Bi Tahadhari hatasema. Ameniahidi, na yule mwanamke ahadi zake zina komeo.

Gari limesimama. Nasikia milango. Mwanangu anacheka. Sauti ya Chiriku inapanda ngazi kabla yake, inauliza kila ngazi jina lake. Mkaza mwanangu anaita kutoka chini, "Mama, fungua, tumekuja na mzigo wako! Nguo zote nimebeba!"

Zote. Na sweta.

Nakuja, nakuja! Nitasema. Nikifungua tu nasema, mlangoni pale pale, kabla hawajavua viatu. Au wacha nimbebe kwanza. Kidogo tu, nimnuse kichwa, halafu niseme.